Pixies: fuata besi utawaelewa (rivyuu ya bendi nzima, albamu kwa albamu)

Wadau, mwenye haraka jibu langu hili hapa mapema: tafuta Doolittle ya mwaka 1989, vaa hedifoni, isikilize kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa 15 kwa mpangilio wake ule ule bila kuruka hata mmoja, dakika 39 tu hivi imeisha. Hiyo ndio albamu ya kuingilia kwa Pixies, bendi ya roki ya Marekani, na naipa tano kwa tano, sipunguzi hata nusu. Mwenye muda abaki nimweleze kwa nini, maana mimi niliingilia mlango mwingine na nikapoteza karibu miaka miwili bure.

Mlango wenyewe ni ule wanaoingilia watu wengi, "Where Is My Mind?", ile ngoma inayopigwa mwisho kabisa wa filamu ya Fight Club (1999) wakati maghorofa yanaporomoka. Niliipenda mno. Nikaiweka kwenye simu nikawa naisikiliza usiku kwenye spika ya simu hiyo hiyo, kichwani nikajua hii ni bendi ya nyimbo za taratibu, za kujilaza na mawazo yako. Siku nikasema ngoja nisikilize na nyingine basi, apu ikaniletea zile zinazosikilizwa zaidi zimechanganywa hovyo, ya 1988 imekaa na ya 2022, hapa jamaa anapiga kelele utadhani anachunwa ngozi, inayofuata laini tamu ya kupigwa redioni, inayofuata kuna Kihispania ndani yake, nikaona hawa watu wenyewe hawajui wanataka nini, nikazima. Ikapita miezi na miezi.

Aliyenirudisha ni rafiki yangu mmoja mpiga besi, lile gitaa la noti nzito za chini. Akaniuliza unawasikilizia wapi, nikamwambia kwenye simu. "Spika ya simu?" Ndio. "Basi bado hujawasikia ndugu yangu. Spika ya simu haina besi. Vaa hedifoni, achana kabisa na huyo anayepiga kelele, fuata besi mwanzo mwisho."

Nikaweka "Debaser", wimbo wa kwanza wa Doolittle. Unaanza na besi peke yake, noti chache zinazokimbia kwa mwendo ule ule, halafu gitaa linakuja juu yake, halafu gitaa la pili na drams, halafu ndio sauti ya Black Francis, mwimbaji wao, inaingia na mikelele yake. Nilifanya kama nilivyoambiwa, sikumfuata Francis, nilibaki na besi. Na hapo ndio nikashtuka aisee, maana ile fujo yote niliyokuwa naikimbia kumbe imesimama juu ya kitu kilichotulia kabisa, kisichotetereka, kama mtu aliyekaa kitako katikati ya ugomvi wa watu anakunywa chai yake. Wimbo ulipoisha nikarudia. Nikarudia tena. Siku ile sikuvuka wimbo wa pili.

Wimbo wa pili ni "Tame" na huo ndio darasa lenyewe, kama unataka kuielewa hii bendi kwa muda mfupi kuliko wote chukua huo, haufiki hata dakika mbili. Kodi za gitaa (noti zinazopigwa kwa pamoja) tatu tu, zile zile, zinazunguka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwenye beti kuna besi, drams, na Francis anaongea kama ananong'ona karibu na sikio lako kiasi kwamba unasikia hadi anavyovuta pumzi. Kikifika kiitikio gitaa la Joey Santiago linaanguka kama bati na Francis anapasuka koo. Watu wote wakiongelea Pixies wanasema hiyo ndio siri yao, kimya halafu kelele, kimya halafu kelele, na ni kweli, mpaka Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana aliliambia jarida la Rolling Stone mwaka 1994 kwamba alipokuwa anatunga "Smells Like Teen Spirit" alikuwa kimsingi anajaribu kuwaiga Pixies. Ila mimi nasema ukiishia hapo kwenye kimya na kelele hujamaliza. Sikiliza besi wakati kelele zinaingia. Haibadiliki! Inapiga kile kile ilichokuwa inapiga kwenye kimya. Wengine ndio wanaoingia na kutoka, yeye yupo, na ndio maana kelele zao hazikuchoshi kama za bendi nyingine ambazo kila mtu anapandisha sauti kwa wakati mmoja mpaka hujui ushike nini.

Huyo wa besi ni Kim Deal, na stori yake ndio inanifanya nizidi kumheshimu. Francis (jina lake hasa Charles Thompson) na Santiago, ambaye alizaliwa Manila kule Ufilipino, walikutana chuo kikuu cha Massachusetts kule Amherst, wakahamia Boston na mwaka 1986 wakaanzisha bendi, wakaweka tangazo wanatafuta mpiga besi anayependa Hüsker Dü na pia Peter, Paul and Mary. Sasa hebu fikiria, hao wa kwanza ni kelele za panki za kutoboa masikio, hao wa pili ni watu watatu na magitaa makavu, yasiyo ya umeme, wanaimba kwa upole. Aliyejibu tangazo ni mmoja tu, Kim, na alifika bila besi, kwa sababu alikuwa hajawahi kupiga besi, yeye alikuwa mtu wa gitaa, ikabidi aazime ya dada yake Kelley. Mpiga drams David Lovering naye akapatikana kupitia mume wa Kim. Nadhani ile ya kutokuwa mpiga besi wa kusomea ndio iliyomfanya apige vile, hana mbwembwe hata kidogo, noti chache, zimenyooka, na anaziachia nafasi. Mpiga besi hodari wa kujionyesha angeiharibu hii bendi wiki ya kwanza.

Turudi kwenye Doolittle. Prodyuza ni Mwingereza Gil Norton, na nyimbo ni fupi hatari. Inasemwa Norton alikuwa anataka zirefushwe, Francis akampeleka duka la muziki akamwonyesha mkusanyiko wa Buddy Holly, mwanamuziki wa miaka ya 1950, angalia hizo nyimbo, nyingi dakika mbili mbili tu, na mjadala ukaishia hapo. Namshukuru Francis kwa hilo. "Crackity Jones" dakika moja na nusu haifiki, "Wave of Mutilation" ni dakika mbili na sekunde kidogo na ndani yake kuna melodi ambayo bendi nyingine ingeikamua mpaka dakika tano. Unasikiliza unajikuta unataka tena, ndio maana nasema msiruke, kwa sababu zimepangwa kwa namna kwamba ile iliyokutisha inafuatiwa na ile inayokupoza. "Here Comes Your Man" ndio ile laini ya redioni niliyokutana nayo siku ile na kuona haiendani, kumbe kwenye albamu ipo wimbo wa tano baada ya vurumai nne mfululizo na inakuja kama kivuli, unapumua, halafu "Dead" inakurudisha juani. Hiyo "Here Comes Your Man" Francis alikuwa nayo tangu akiwa kijana mdogo na wenyewe walikuwa hawaipi uzito sana.

Kuhusu maneno. Kuna watu wanakwama hapa, wanatafuta mashairi wasome waelewe, mimi nashauri usianze na maneno. Yatakujia yenyewe. "Debaser" inatokana na filamu ya kimya ya Luis Buñuel na Salvador Dalí ya 1929, ile yenye jicho linalokatwa kwa wembe, na Francis anaimba kwa furaha ya mtoto aliyeona kitu ambacho hakutakiwa kukiona. "Monkey Gone to Heaven" ni bahari iliyochafuliwa na anga lililotoboka, imewekewa vyombo vya nyuzi kabisa, sello na fidla, na hapo katikati anahesabu tano, sita, saba, mtu, shetani, Mungu, anaanza kwa kusema anamaliza kwa kupayuka, nywele zinasimama. Ila zilizonikamata zaidi ni zile za Agano la Kale maana hizo stori nilizijua tangu utotoni. "Dead" ni Daudi na Bathsheba, na Uria yumo. "Gouge Away", wimbo wa mwisho, ni Samsoni na Delila, na anayeimba ni Samsoni mwenyewe, macho yametobolewa, minyororo, nguzo. Sasa sikiliza besi ya "Gouge Away" ukijua hilo. Inaanza besi na drams tu, polepole, nzito, inarudi pale pale, inarudi pale pale, kama mtu anayezungushwa kwenye jiwe la kusagia, na gitaa likija ndio nguzo zinaanguka. Nilikuwa nimelala chali sakafuni nikakaa.

Ukishakaa na Doolittle wiki mbili tatu, rudi nyuma kwenye Surfer Rosa ya Machi 1988. Hii wengine wanaiweka juu ya Doolittle na siwezi kugombana nao, mimi naipa nne na nusu, nusu nimeitoa kwa sababu sio albamu ya kumpa mtu anayeanza, ni kavu, haikubembelezi. Aliyerekodi ni Steve Albini, marehemu sasa (alifariki Mei 2024), na alifanya kwa malipo ya mkupuo ya dola 1,500 akakataa asilimia za mauzo, huo ndio ulikuwa msimamo wake. Wimbo wa kwanza "Bone Machine" unaanza drams tupu na hapo utaelewa kwa nini watu wanamsifu Albini, unasikia chumba. Yaani husikii drams tu, unasikia kuta, unasikia hewa kati ya Lovering na maikrofoni, ni kama umefungua mlango ukawakuta wamo ndani wanaendelea. Sauti ya Kim kwenye "Gigantic" ilirekodiwa chooni kwenye studio ili mwangwi uwe wa kweli, sio wa mashine. Nirvana walivyotaka mtu wa kurekodi In Utero ya 1993 wakamfuata huyu huyu Albini, na mwanamuziki PJ Harvey naye mwaka huo huo na albamu yake Rid of Me.

"Gigantic" inaanza na besi peke yake na Kim ndiye anayeimba, na kama bado huamini habari yangu ya kufuata besi basi huu wimbo utakumalizia ubishi. Kuna na "Cactus", taratibu, nzito, ambayo David Bowie aliirudia kwenye albamu yake ya 2002. Halafu ndio "Where Is My Mind?" yenyewe kwenye makazi yake. Kwenye santuri ndio inafungua upande wa pili. Ile "uuuu" ya Kim inatoka mbali, Francis anasema stop, gitaa kavu linaanza, na sasa nikiwa na hedifoni nikagundua kwamba miaka yote ile nilikuwa nasikia nusu tu ya wimbo, chini yake kuna besi na drams nzito kabisa, sio wimbo wa kulala ule jamani. Francis amewahi kueleza kwamba wazo lilimjia akiogelea Karibi, samaki mdogo akawa anamfukuza. Basi. Watu wameutafutia maana nzito za kichaa na upweke, kumbe ni samaki, na bado unaniuma kila nikiusikia.

Neno la ununuzi hapa. Niliagiza santuri ya Surfer Rosa iliyotumika kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, maelezo yakasema safi haina mkwaruzo, ikaja na mkwaruzo upande wa kwanza, sindano inaruka katikati ya "Gigantic" pale pale ambapo imebaki besi na sauti. Pesa sikurudishiwa. Iliniuma sana na inaniuma mpaka leo, kwa hiyo nawaambia, kwa bendi hii usikubali santuri yenye chembe ya mkwaruzo, muziki wa kelele mwanzo mwisho unaweza kuuficha lakini hawa wana vimya vingi na kila tik tik utaisikia. Omba picha ya karibu chini ya taa, au bora zaidi muombe akurekodie dakika moja ya sehemu ya kimya. Kwa wanaopenda CD kuna toleo lenye Surfer Rosa na Come On Pilgrim pamoja kwenye CD moja, hilo ukiliona beba usifikirie mara mbili. Na tahadhari, kava la Surfer Rosa lina picha ya mwanamke kifua wazi, wenye watoto nyumbani mjue mnaiweka wapi. Makava yao yote ya kipindi hicho yalibuniwa na Vaughan Oliver wa lebo ya 4AD, ya Doolittle yenye tumbili na duara la utakatifu kichwani ndio nimeiweka ukutani.

Hiyo Come On Pilgrim (1987) ni nyimbo nane, dakika kama 20, zimetolewa kwenye demo (rekodi ya majaribio) waliyorekodi siku chache kwa dola 1,000 alizokopesha baba yake Francis. Hapo ndio kile Kihispania kinajaa, kwa sababu Francis aliwahi kukaa Puerto Rico akiwa mwanafunzi. Naipa nne. Ina ubichi fulani mtamu, kama nazi changa.

Bossanova ya 1990 naipa tatu na nusu na najua kuna watu watanuna. Francis hapa aliingia kwenye roki ya mawimbi, ile ya magitaa yenye mwangwi wa ufukweni, na habari za anga za juu, "Velouria" ina theremini, chombo cha umeme kinachopigwa bila kuguswa, inayolia kama mluzi wa jini na ni wimbo mzuri haswa. Shida yangu ni moja, Kim amesogezwa nyuma. Sauti yake unaitafuta. Uingereza ilifika namba tatu kwenye chati, Doolittle ilifika namba nane, kwa hiyo kwa chati wamepanda lakini mimi nikifuata besi nasikia mtu anayepiga kazi yake anaondoka. Trompe le Monde ya 1991 ni kali zaidi, ya kasi, ya hasira, nyimbo kama "Planet of Sound" na "Alec Eiffel" zinakimbia bila breki, naipa nne kwa nguvu zake, ila hapo Kim karibu haimbi kabisa na ile nafasi, ile hewa, imejazwa magitaa na kinanda. Mwaka 1992 wakawafungulia bendi ya U2 kwenye ziara yao, mwanzoni mwa 1993 Francis akatangaza redioni kwamba bendi imekufa, na wenzake Kim na David wakapewa taarifa kwa faksi. Kwa faksi! Nilivyosoma hivyo nikarudi kusikiliza hizo albamu mbili na ule ubaridi nikausikia, sasa unajua unatoka wapi.

Walirudiana 2004, dunia nzima ikawapokea vizuri kuliko walipokuwa vijana, kisha Kim akaondoka 2013. Albamu mpya zote, kuanzia Indie Cindy ya 2014 mpaka The Night the Zombies Came ya 2024, hazina yeye. Sitakaa nazo sana. Beneath the Eyrie ya 2019 ndio nzuri kuliko zote hizo, Paz Lenchantin humo alipiga besi kwa heshima na alijua anakalia kiti cha nani, naipa tatu na nusu, nyingine sikiliza ukishamaliza za zamani zote na bado una njaa. Usianzie huko tafadhali, na usiiache apu ikuchanganyie nyimbo kama ilivyonichanganyia mimi.

Ukimaliza za Pixies usizime, mfuate Kim alikoenda. Bendi yake The Breeders, yupo na dada yake yule yule aliyemwazima besi, albamu ni Last Splash ya 1993, tano kwa tano nyingine. Kim amerudi kwenye gitaa lake na besi amemwachia Josephine Wiggs. Weka "Cannonball", ongeza sauti kidogo, subiri besi iingie peke yake. Zile noti za mwanzo kuna moja imekosewa, Wiggs aliipiga vibaya kwenye mazoezi, magitaa yanapoingia besi inajisahihisha yenyewe ikakaa mahali pake, na wote wakaona imependeza hivyo hivyo wakaiacha.